Mahali Alipolala Tatu, Goba

Mdogo wangu Tatu amezikwa Goba, na familia yetu haijui ni wapi. Ama yuko chini ya pevingi, vile vitofali vya zege vilivyopangwa kwenye ua wa nyumba ya watu tusiowajua, ama yuko chini ya lami ya barabara inayopita nje ya geti la nyumba hiyo. Kati ya sehemu hizo mbili hazifiki hatua arobaini. Mama yangu, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, ana jambo moja analotaka kulijua kabla hajaondoka duniani: mwanawe yuko upande gani wa ukuta.

Nawaandikia nyie wa rika langu, mliokwenda Goba mara ya mwisho mkiwa na kandambili na jembe begani. Mkirudi leo mtapotea, kama tulivyopotea sisi.

Tulipokuwa wadogo hakuna aliyesema anaishi Goba, ila wenyeji wachache wa Kizaramo. Sisi tulikuwa tukienda kulima. Ilikuwa miaka ile ya kilimo cha kufa na kupona, unga wa njano, na foleni ya sabuni iliyoanza kabla jogoo hajawika. Watumishi wa mjini walihimizwa kushika jembe, na baba yangu alikuwa mtu wa kuhimizwa mara moja tu. Alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma lililosambaza vifaa vya ujenzi. Pale Kinondoni tulipopanga vyumba viwili, watu wote walimwita Ndugu Karani, hata watoto.

Mzee mmoja mwenyeji, Mzee Kibwana, alimpa baba kipande cha mteremko alime, bila karatasi wala shahidi. Kila Jumamosi, shule ikishatoka, tulipanda basi hadi Mlimani, kisha tukaingia njia ya miguu kupitia Makongo. Baba alitangulia na jembe na redio. Mama alifuata na mzigo kichwani na Tatu mgongoni. Mie, kifungua mimba, niliyekuwa na miaka tisa, nilimshika mkono ndugu yetu wa katikati, ambaye sasa ni marehemu. Njia ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Kwenye mpando wa mwisho baba alizima redio ili kubana betri, na hapo ndipo tuliposikia jinsi sote tulivyokuwa tukihema.

Mihogo ya Goba tuliichoma kwenye majivu, tukaila na chumvi na pilipili, vidole vikiwa vyeusi. Maji tuliyachota kwenye kisima kilichokuwa nusu ya mteremko, yakiwa na ladha ya udongo wa mvua. Kazi ikiisha, watoto tulikalia makuti na kuteleza nayo kilimani. Tatu alikaa mbele yangu, nami nikamshika kiunoni, na mtoto wa Mzee Kibwana, Shomari, alitusukuma kwa nyuma. Tatu alikuwa na miaka minne. Kila tulipofika chini tukiwa tumejaa vumbi hadi kwenye nyusi, alisema neno lilelile: "Tena." Vijana wa leo hulipa kiingilio wapelekwe kwenye mteremko wa plastiki, tena wapigwe picha kwanza.

Jumapili moja, tukiwa tumelala kwenye kibanda chetu cha shambani, Tatu aliamka na homa. Kufika mchana alishikwa na degedege. Zilikuwa zile Jumapili ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani baada ya saa nane kwa sababu ya uhaba wa mafuta, na hata kama yangeruhusiwa, pale kilimani hapakuwa na gari la kuombwa. Baba alimpakata kwenye baiskeli ya Mzee Kibwana, mzee mwenyewe akiendesha. Hawakufika Makongo. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa kibanda nilipowaona wakirudi, baiskeli ikikokotwa.

Jua lilikuwa bado juu, na wazee wa pale wakasema asirudishwe mjini, azikwe papo hapo. Akazikwa alasiri. Sisi ni Waislamu, na kwetu wanawake hawafuati jeneza. Mama na mie tulibaki kibandani, pamoja na ndugu yetu wa katikati. Waliokwenda ni wanaume sita, na Shomari, aliyekuwa na miaka saba, aliyepewa kazi ya kubeba ndoo ya maji ya kunyunyizia kaburi. Wale sita wote wameshafariki. Aliyebaki ni mbeba ndoo.

Mama alipelekwa kuliona kaburi siku ya tatu; mie sikupelekwa. Aliweka mawe, akapanda mrehani. Kisha akamwomba baba kitu kimoja.

"Mfuko mmoja tu wa saruji, Baba Zuhura. Nimjengee mwanangu, mvua isije ikamchukua."

Nyie mnakumbuka saruji ya enzi zile. Haikununuliwa, iliombwa kwa kibali, na vibali vilipita mezani kwa baba. Aliandikia shule, zahanati, vijiji vya ujamaa. Mifuko ilipakiwa mbele ya macho yake kila siku.

"Ile si yangu, Mama Zuhura," alisema. "Nitajiandikisha kama wenzangu."

"Mfuko mmoja nani atauona?"

"Mie nitauona."

Alijiandikisha kweli. Jina lake likakaa kwenye orodha. Kila baada ya miezi michache mama aliuliza, na baba alijibu, "Bado hawajafika kwangu." Kwa watu wa leo hadithi hii haieleweki. Niliwahi kumsimulia mpwa wangu, akacheka: "Shangazi, yaani babu alikuwa ndiye mwenye ghala, halafu akapanga foleni?" Nilikasirika, lakini lile swali mama alishaliuliza kabla mpwa huyo hajazaliwa.

Baadaye, kwa amri ya vijiji vya ujamaa, watu wa mabondeni walitakiwa kuhamia pamoja kando ya barabara. Baba akasema ardhi ni ya wote, akamrudishia Mzee Kibwana kipande chake kwa kupeana mikono tu. Tukahamia Temeke. Kwenda Goba kukawa mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja, kisha mwaka ukapita. Mrehani ulikauka. Baba alifariki bila kufikiwa na orodha. Mama alimlilia kama mke anavyomlilia mume, lakini jambo la saruji hakumsamehe. Aliniambia mwenyewe, tukichambua mchele: "Nimemsamehe yote, ila lile bado."

Sasa niwaeleze jinsi ya kufika. Kutoka Mwenge unapita Makongo, siku hizi kwa lami. Ile mipando iliyotutoa jasho gari inaimaliza kabla hujamaliza salamu. Utaona kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu, mageti yenye taa, maduka ya vigae na masinki, na mabango ya viwanja yanayosema "mandhari nzuri". Mteremko wetu wa mihogo ndio mandhari yenyewe. Nyumba zimechimbiwa kilimani, nyingine unaziingilia ghorofa ya juu kisha unateremka kwenda chumbani, na jioni wenyewe hukaa barazani kuangalia taa za mjini kwa mbali. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Upepo ni ule ule.

Nilipokwenda mara ya kwanza kupeleleza, nilimuuliza kijana wa bodaboda kama anafahamu kilipokuwa kisima cha Mzee Kibwana.

"Kisima? Bibi, huku kulikuwa pori tu. Goba imeanza juzi."

"Na mie nililima wapi?"

"Labda Kibaha," akasema kwa upole, akanishauri niangalie kwenye simu.

Mwishowe nilimpata Shomari. Sasa ni mzee wa mvi, ana duka dogo la vinywaji kando ya njia. Alipoambiwa mie ni Zuhura wa Ndugu Karani, alinikumbatia hadi kofia ikamdondoka. Nilipomuuliza kaburi, akaiokota kofia, akaipangusa muda mrefu.

"Barabara, dada. Barabara ndiyo ilipita pale. Mie mwenyewe nilikuwepo siku katapila linasawazisha."

Nikampelekea mama jibu hilo. Akasikiliza, akasema, "Nipelekeni." Akataka twende alasiri, si asubuhi, na hakueleza kwa nini.

Tulifika yeye, mie na Shomari. Mama aliteremka garini, akasimama barabarani pale Shomari alipoonyesha, akageuza uso huku na huku kama mtu anayesikiliza. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye geti la kijani na kuligonga kwa mkongojo. Aliyetufungulia ni mwenye nyumba, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Moshi, mtoto mgongoni. Jirani zake humwita Mama Brayton.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Naomba kusimama uani kwako kidogo. Siombi kitu kingine."

Hakuuliza zaidi, akatupisha. Mama alitembea juu ya pevingi polepole hadi kwenye kona, karibu na tenki la maji, palipoegeshwa gari. Akasimama, akafumba macho.

"Nilipokuwa nikimaliza kumwombea," alisema, "jua la wakati huu lilikuwa likinichoma shavu hili la kushoto, na kivuli cha kile kilima kilikuwa hakijanifika miguuni. Pale barabarani kivuli kimeshafika. Hapa bado. Mwanangu yuko hapa."

"Mama, ardhi ilisawazishwa," alisema Shomari. "Vilima vyenyewe vimekatwa. Kivuli cha leo si cha siku zile."

Mama akafumbua macho.

"Shomari, baba yangu. Siku ile nani alibeba ndoo?"

"Mie."

"Uliyachota wapi maji?"

"Kisimani."

"Ulipotoka kisimani, uliipandisha ndoo au uliishusha?"

Shomari aliishusha kofia hadi kwenye nyusi. Nilitazama nje ya geti. Kisima kimefukiwa zamani, lakini alikuwa ametuonyesha mwenyewe kilipokuwa, na barabara iko chini yake. Ua wa Mama Brayton uko juu.

"Niliipandisha," alisema mwishowe. "Lakini nilikuwa mtoto, mama. Ndoo nzito. Mtoto akibeba ndoo nzito, njia yote ni mpando."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimbana Shomari. Nilishajua kwamba kiwanja hicho aliyekiuza ni yeye, baada ya baba yake kufariki. Kama Tatu yuko barabarani, amechukuliwa na katapila na hakuna wa kulaumiwa. Kama yuko uani, basi Shomari aliuza kaburi la mtoto aliyekuwa akimsukuma kwenye makuti, tena bila kumwambia mnunuzi.

Mama Brayton alikuwa amesikia yote. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani.

"Bibi, anaitwa nani?"

"Tatu."

"Tunaegesha gari juu yake?"

"Hukujua, mwanangu."

Alisema nyumba ni ya mumewe, na mumewe anafanya kazi Mwanza. Kung'oa pevingi na kutazama hawezi kuamua peke yake. Alipotusindikiza niliona ameshampigia mtu simu, na kabla hatujaondoka gari lilitolewa uani likaegeshwa nje.

Njiani nilimshauri mama tumpeleke Shomari kwa imamu, akaape. Alikataa. "Simtaki aape. Nataka anionyeshe."

Nimefikiri sana kuhusu sisi wa wakati ule. Tulikuwa na imani nyingi na karatasi chache. Mtu alipewa shamba kwa neno, akalirudisha kwa neno, akazika mwanawe humo bila kufikiri kwamba siku moja patakuwa na geti. Wa leo wana hati, ramani, na namba ya kiwanja hadi kwenye simu, na jirani aliye ng'ambo ya ukuta hawamjui jina. Siwezi kusema kipi ni bora. Baba aliutunza mfuko wa umma, na umma ukajenga shule ambamo mie nilisoma. Kwa ajili ya mfuko huohuo mama amezunguka kilimani kwa mkongojo akipima kivuli. Yote mawili ni kweli, na mie ni mtoto wa wote wawili.

Mume wa Mama Brayton hajajibu. Mkewe ananiambia hajakataa, anafikiria, na kwamba kona ile ameizungushia kamba ya kuanikia nguo ili watoto wasicheze. Mama ananiuliza kila Ijumaa.

Juzi Shomari alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu asiyetaka waliomo ndani wamsikie. Alisema niende Goba Jumapili, niende peke yangu, mama nisimwambie. Nilimuuliza ananiitia nini. Akasema, "Njoo tu, dada, nikuonyeshe," akakata.

Jumapili ni keshokutwa.