Alama Kwenye Paja la Shujaa

Juma lililopita nilikaa kwenye hoteli moja hapa Lodwar, chai yangu ikipoa, nikimtazama kijana kutoka Nairobi akimkagua mwanasesere wangu. Kazi yake kijana huyu ni kufunga mitambo ya sola, lakini roho yake yote iko kwa mashujaa wa plastiki. Huwakusanya, huwathamini, na huandikiana habari zao na watu wenye ugonjwa kama wake. Mimi sikuwa nauza. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, shujaa yule angeweza kurudi alivyokuwa siku nilipomchukua, ili nikikutana na mwenyewe nimrudishie bila aibu?

Alianza na viungo. Akamkunja magoti, akamzungusha mabega, akavuta joho lake la rangi ya chungwa kuona kama nyuzi ni za kiwandani. Akamulika barakoa ya kijani kwa tochi ya simu. Akasoma mhuri ulio chini ya nyayo, kisha akamnusa, nami nikajizuia kucheka. Kumbe shujaa wangu alitoka kwenye katuni ambayo watoto wa huko ilikotengenezwa hawakuipenda, ikasimamishwa mapema, na ndiyo maana siku hizi ni vigumu kumpata. Halafu kidole chake kikasimama kwenye paja la kulia.

"Madam, hapa kuna mark. Ni kama imechomwa. Nani aliharibu kitu poa hivi?"

"Nyanya yangu."

Akacheka. Mimi sikucheka, na wewe rafiki yangu unayesoma nitakueleza kwa nini.

Nilikulia Kakuma, kwa nyanya, ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga unaopata maji siku chache tu kwa mwaka. Ng'ambo ya pili ilikuwa kambi. Siku za kuni tuliamka kabla ya jua kuwa kali, tukafunga mizigo yetu, wake mkubwa na wangu mdogo, tukavuka mchanga ukiwa bado baridi. Kambini tulipita ua kwa ua. Wakimbizi walikuwa na unga na dengu za mgao lakini hawakuwa na kuni. Sisi tulikuwa na kuni na njaa. Hadi leo nikisikia harufu ya mtama ukichomwa kwenye kikaango, mate hunijaa mdomoni.

Katika nyumba moja, mteja wetu alikuwa mama kutoka Sudan Kusini, na binti yake alikuwa wa rika langu. Wakati watu wazima wakivutana juu ya kopo la unga, sisi tulikuwa nyuma ya nyumba na shujaa wake, aliyempata ndani ya gunia la nguo za msaada. Hatukujua kwamba alitengenezwa ili aruke. Tulimpa kijiti, tukampangia mawe meupe, akawa mchungaji. Kwa miaka miwili alichunga mawe yale, na hakupoteza hata moja.

Siku moja rafiki yangu aliniona nikishindwa kumwachilia. Akanisukumia mkononi. "Lala na yeye," akasema. "Siku ya kuni, leta."

Nilifika nyumbani nimembana kwapani. Nyanya alimchukua akamkagua vile alivyokagua mbuzi sokoni: akambonyeza mgongo, akamvuta miguu, akajaribu kumfungua mdomo atazame meno. Mdomo haukufunguka. "Huyu hali kitu?" akauliza. Kisha akanitazama. "Umepewa?"

Nikasema nimepewa.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Kwetu mnyama uliyepewa hutiwa alama ya ukoo mapema, majirani wakiona, maana nyanya alizoea kusema mali isiyo na alama huzaa ugomvi. Mbuzi hukatwa sikio. Nyanya alimgeuza shujaa huku na huku, akaona barakoa imefunika masikio yote mawili. "Basi atachomwa kama ngamia," akasema, na akasukuma chuma kwenye moto uliokuwa ukichemsha chai. Jirani yetu mmoja alikuja kushuhudia, akiwa na kicheko chake. Chuma kile kilichukua muda kuwa chekundu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi kubwa tu, na nilinyamaza. Harufu ya plastiki ikapanda, nyanya akapuliza paja lile taratibu asije akaliharibu, akanirudishia. "Sasa ni wako," akasema. Alifurahi kweli.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata ishirini. Siku ya kuni iliyofuata niliumwa na kichwa. Iliyofuata, mwiba ulikuwa mguuni. Ya tatu, nyanya aliweka mzigo wake chini akaniambia, "Mguu wako unauma siku za kuni peke yake." Nikalia, nikamwambia yote.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliangalia viganja vyake, kisha akasema, "Umefanya mkono wangu uibe."

Asubuhi hiyo hiyo alivaa shanga zake zote, kama mtu anayekwenda kwenye kesi ya wazee. Akachagua mbuzi jike mwenye kichwa cheusi, mzuri kuliko wote zizini. Aliyetia alama yake kwenye mali ya mwingine, akanieleza njiani, hurudisha mali hiyo na kuongeza nyingine, na husimama wima aonwe. Tukavuka laga, yeye na kamba ya mbuzi, mimi na shujaa. Mlangoni tulimkuta mama mwingine, Mkongomani, akifua.

"Wale walikwenda," alituambia. "Basi iliwabeba juma jana. Bintiye alikuwa analia, anasema angoje watu wa kuni."

Nyanya hakujua Kiswahili kingi. Ilibidi nimtafsirie mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, hadi neno la mwisho. Alisimama pale juani na mbuzi wake muda mrefu. Kisha tukarudi.

Tangu siku ile mbuzi yule hakuwa wetu. Nyanya alimtia sikioni alama tofauti aliyoibuni mwenyewe. Aliowazaa walikuwa wa yule mtoto, na hata siku tulizolala njaa hakuna aliyechinjwa katika wao. Majirani walimcheka, wakamwita mchungaji wa mzimu. Walifika tisa kabla ya ukame mkubwa kuja kuwamaliza, wao pamoja na wetu. Nyanya aliburuta mizoga yao mwenyewe. Siku zake za mwisho, akiwa amelala kwenye ngozi, akili ikienda na kurudi, aliniuliza kama yule mtoto amekuja kuchukua wanyama wake. Nikamwambia amekuja. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwake, nami siujutii.

Sasa zizi halipo. Nyumba ile ya udongo kambini iliyeyuka na mvua, na juu yake pamejengwa duka la simu. Nyanya nilimzika mimi.

"Hii mark naweza kuitoa," kijana alikuwa akisema. "Najaza, napiga msasa, napaka rangi. Hakuna mtu atajua."

Ndicho nilichokuwa nimefuata, na nilipokisikia nikakikataa. Nilimwambia aliache paja lile lilivyo. Nyanya alitaka tusimame tuonwe.

Akainua mabega, akafungua daftari lake. Watu wa kazi yake hupenda kujua kitu kimepitia mikono ya nani. "Mwenyewe wa kwanza?"

Nikamweleza: msichana mrefu, mwenye pengo, aliyefunika mdomo akicheka, aliyekula ukoko wa ugali kwanza na kuniachia sehemu laini. Nikasema mengi. Kijana alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Sawa, madam. Lakini jina?"

Yeye aliniita sabi, ndivyo wanavyomwita rafiki katika Kiarabu cha Juba, nami nikamwita sabi. Kwa miaka miwili lilitutosha, na sikuwahi kumuuliza lingine. Kijana akangoja kidogo zaidi, kwa heshima, kisha akaandika: Hajulikani.