Mashavu Akataa Kusafishwa

Jina la Mashavu alipewa na bibi yake angali mchanga, kwa mapenzi tu. Alipoingia kidato cha pili wenzake wakaligeuza mwiba. Akiinama kuandika, wa nyuma wananong'ona, "Anapuliza kuni." Binti akajikausha, ila ndani moyo unawaka. Akaanza kuruka chakula cha mchana. Asubuhi mama akigeuka, chai inamwagwa kwenye sinki, kisha anasimama mbele ya kioo na kuyafyonza mashavu ndani mpaka taya zinauma. Hesabu alizozipenda zikawa kizunguzungu kitupu.

Basi wakaagizwa picha ndogo za fomu ya mtihani. Mama yake, muuguzi, alipotoka zamu akampeleka studio. Mpiga picha alikuwa kijana mwepesi wa mkono na wa mdomo. Akampiga picha, akabofyabofya kompyuta, akampa nne zikiwa bado na joto la mashine.

Uso mwembamba. Kidevu kimechongoka, ngozi imepauka kama karatasi, mashavu hayapo. Ndiyo sura aliyoililia miezi yote ile, na angepaswa kufurahi. Badala yake akamnyooshea kijana picha moja.

"Huyu nani?"

"Si wewe, dada! Nimekusafisha kidogo."

"Kwani nilikuwa mchafu?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kijana naye akacheka. "Wasichana wote wanapenda hivi."

"Mimi si wote. Nirudishie uso wangu."

Mama akamvuta mkono. "Mwanangu, mbona umependeza? Twende zetu."

"Siendi, mama. Miezi mitatu sili mchana ili nifanane na huyu mtu, na kumbe hata simjui!"

Kicheko kikakatika. Mama akamwachia mkono, akakaa kwenye benchi taratibu. Muuguzi mzima, kutwa anapima watu, na la nyumbani kwake limempita.

"Miezi mitatu?"

"Mitatu."

Hakumgombeza. Alimgeukia mpiga picha. "Umemsikia, kijana. Rudisha kila ulichotoa."

Kijana akarudi kwenye kompyuta akinung'unika. Picha mpya zilipotoka, Mashavu alizikagua moja moja, mpaka akakiona kipele cha kidevuni, ndipo akazipokea.

Tusidanganyane, hakupona siku ile. Mama alimpeleka kwa mshauri wa vijana pale hospitalini kwake. Mara ya kwanza alikwenda shingo upande, ya tatu akaenda mwenyewe. Kuna wiki alikula vizuri, na kuna wiki sahani ilimtazama naye akaitazama. Hesabu zilirudi kabla ya hamu ya chakula.

Siku ya kupeleka fomu, mwalimu wa darasa alizipitia picha za wengine, zote laini kama mayai, akafika kwa yake na kusita.

"Wewe hukupata studio wanakorekebisha?"

"Nilipata, mwalimu," akasema kwa sauti, darasa zima lisikie. "Nikamrekebisha mpiga picha."