Kupandisha Samaki wa Rangi

Kila asubuhi, kabla sijagusa chai, namtoa kaka yangu kitandani na kumweka kwenye kiti chake cha magurudumu. Nimechoka, na sioni haya kusema. Mgongo unauma, na yeye hapungui uzito. Majirani zetu hapa Mpanda wananisifu kwa moyo mwema. Nawaacha waamini hivyo, maana hawajui kwamba kuna msamaha ambao kwa muda mrefu sikumwomba.

Tulikuwa tukiishi Ikola, ziwani. Kaka alikuwa mzamiaji. Mimi nilikaa kwenye mtumbwi nikiangalia kompresa iliyompelekea hewa kwa mpira. Hatukuvua samaki wa kula. Tulikamata wale wadogo wanaoishi kwenye mawe, ukoo mmoja na perege, ila hawa Mungu aliwapaka rangi bila ubahili: wa njano, wa bluu wenye mistari, weusi wenye mkanda mwekundu. Mnunuzi aliwapeleka nje ya nchi, watu wakawaweka sebuleni kwenye matangi ya vioo.

Samaki wa kina kirefu hapandishwi kwa pupa. Ukimvuta moja kwa moja, hewa iliyomo tumboni inavimba, macho yanatoka, anakufa. Kwa hiyo tuliwatia kwenye pipa lenye matundu, na kila siku mimi nikalivuta kwa kamba mita chache tu, hadi lifike juu. Siku nne, wakati mwingine tano. Nilikuwa na subira na lile pipa kuliko mama na mtoto mchanga.

Siku ile kaka alikuwa ameshazama mara tatu. "Nimechoka leo, mdogo wangu," aliniambia.

"Mara moja tu, kaka. Pipa lijae, twende zetu."

Akashuka. Alikaa sana. Jua lilikuwa linanichoma, njaa inaniuma, nikaudhika. Nikavuta mpira mara mbili kwa nguvu. Ilikuwa ishara yetu: panda sasa hivi. Alinitii, akapanda kwa mkupuo mmoja.

Mtumbwini alisema miguu inamchomachoma kama ina siafu. Nilimwambia ajinyooshe, itapita. Sikumtazama hata usoni, nilikuwa nalipandisha pipa, nahesabu pima za kamba, taratibu, samaki wasije wakaumia. Tulipofika ufukweni hakuweza kusimama.

Hospitalini daktari alinieleza kwamba binadamu naye akitoka kina kirefu kwa haraka, hewa humdhuru mwilini. Nilitikisa kichwa kana kwamba nasikia jambo geni. Samaki wote walifika juu wazima.

Tangu hapo nimemwogesha, nimempikia, nimemnunulia dawa, nimefanya kila kitu isipokuwa kusema. Yeye naye hakuuliza.

Leo asubuhi nilikuwa nimechelewa. Nilimshika kwapani nikamnyanyua kwa mkupuo. Akaguna.

"Polepole, mdogo wangu," alisema. "Nipandishe kama ulivyokuwa unapandisha samaki."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimrudisha kitandani, nikaketi kando yake, nikamwambia, "Nisamehe, kaka. Mimi ndiye niliyevuta."

"Najua," alisema. "Nilikuwa upande wa pili wa mpira."

Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akaniwekea mkono begani, nimwinue.