Nilimwambia Hatujambo

Simu ya chuo ilinikuta nasonga ugali. Unga nilikuwa nimeukung'uta mpaka mfuko nikaugeuza ndani nje, na maji yalikuwa mengi kuliko unga, kwa hiyo kilichokuwa sufuriani kilikuwa bado hakijaamua kama ni ugali au uji. Niliibana simu kwa bega, mwiko mkononi.

Alikuwa mama mmoja wa ofisi ya misaada. Aliongea Kiingereza cha taratibu, kile wanachomwekea mgeni. Alisema anawapigia wanafunzi walioomba ruzuku ya dharura ya korona, mmoja mmoja, apate kujua nani ana shida zaidi.

"Habari yako? Unaendeleaje kipindi hiki?"

"Nzuri sana, asante. Na wewe? Familia yako hawajambo?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. Nadhani siku nzima hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nyumbani mna chakula cha kutosha?"

Nikaangalia sufuria. Nikaangalia mlango wa chumba. Nyuma yake mama mdogo alikuwa amelala na korona yake, na mlango wenyewe ni wa mbao nyepesi, mtu akijigeuza kitandani unasikia.

"Kipo, tunamshukuru Mungu. Tena karibu, ndiyo naivisha."

"Oh, una moyo mzuri! Na masomo? Una kifaa cha kusomea?"

"Ninacho."

Kwani simu si kifaa?

Akanishukuru, akanitakia afya njema, nami nikamwombea baraka yeye na watoto wake, kama anao. Nilipokata nilikuwa natabasamu. Niliona mazungumzo yamekwenda vizuri mno. Nilijiambia, huyu mama amenipenda, ruzuku nimeipata.

Ngoja nieleze nilikuwa nani mwaka ule, maana mtu anaweza kudhani nilikuwa sina akili. Nilikuwa nasukuma wazee kwa viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege, kutoka mlango wa kuingilia hadi mlango wa ndege. Kazi niliipenda. Wazee wananisimulia wajukuu, nami nawasimulia ndoto yangu, wapende wasipende. Ndoto ilikuwa eksirei. Kule kwetu, mkoa wa Singida, mtu akivunjika anasafirishwa mbali ndipo ajue amevunjika wapi, na wengine hawasafirishwi, wanaungwa kwa kukisia. Mimi niliapa nitarudi na mashine. Rangi ya ukuta wa chumba cha mashine nilikuwa nimeshaichagua: kijani cha majani ya mchicha. Shule sikuwa nayo nyingi, kidato cha nne cha kupita kwa tabu, lakini mama mdogo alivyoniita hapa Wheaton, Marekani, nilijiunga na chuo cha kaunti, nikasoma masomo ya mwanzo, na nikawekewa nafasi katika darasa la eksirei. Ilibaki sharti moja: nifaulu mtihani wa maumbile ya mwili mwisho wa muhula.

Basi korona ikaja. Ndege zikasimama, wazee wakakaa kwao, nasi tukaambiwa tusije mpaka tuitwe. Mama mdogo alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, akaugua kwa kuwaosha. Aliyeajiriwa kwa saa akiugua, saa zake zinaugua pia. Chuo kikafungwa, masomo yakahamia kwenye mtandao. Mimi nilisomea kwenye simu yenye ufa, nimekaa kwenye ukingo wa maegesho ya mall iliyofungwa, maana pale mtandao wa bure ulikuwa bado unatoka. Mvua ikinyesha nafunika simu kwa kofia, kichwa kinalowa. Nilijifunza mifupa yote ya mguu hivyo, huku miguu yangu mwenyewe imeganda.

Lakini mtihani simu haiukubali. Mtihani ule ulitaka kompyuta yenye kamera, wakuone unavyoandika. Bila kompyuta hakuna mtihani, bila mtihani nafasi anapewa mwingine, na wanaoingoja ni wengi. Ndiyo maana niliomba ile ruzuku.

Jibu likaja kwa barua pepe. Walifurahi kusikia hali yangu ni tulivu. Fedha za awamu hii wanawapa wenye uhitaji mkubwa.

Nikaisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena nimekaa, kana kwamba ukikaa inabadilika.

Ghorofa ya chini alikaa rafiki yangu, Mkenya wa upande wa Kitale, tuliyesukuma naye viti pamoja. Na yeye alikuwa anasoma chuo hicho hicho, na ruzuku yake ilikuwa imeshaingia. Nikashuka, tukaongea yeye dirishani, mimi kwenye nyasi, barakoa usoni.

"Sasa walikuuliza nini?" akasema.

Nikamwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la karibu.

Akashika dirisha kwa mikono miwili. "Ngoja. Ulimkaribisha ugali?"

"Nilikuwa naivisha."

"Ugali gani na umesema unga umeisha? Aki nyinyi Watanzania mtatuua na heshima! Mtu anazama, badala aitishe usaidizi anauliza wa kando, 'Za nyumbani? Watoto wazima?'"

Nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini alikuwa ameigiza sauti yangu vizuri. Halafu kicheko kikageuka, nikajikuta nalia ndani ya barakoa, na barakoa ikilowa huwezi kuvuta hewa.

Akaacha kuigiza. Kisha akasema polepole, "Sikiza, dada. Hao watu wakikuuliza uko aje, wanaandika ile kitu umesema. Hawangoji ile ya pili."

Hapo ndipo nilielewa. Kwetu "nzuri" ni mlango tu wa kufungulia. Mtu anajibu nzuri, hata kama ametoka kuzika, kisha mnakaa, mnapeana maji, na mwenyeji akikutazama vizuri anakuuliza tena, "Kwema kweli?" Hapo ndipo unasema. Mimi nilijibu ile ya kwanza na nikakaa kuingoja ya pili. Yule mama wa watu angejuaje kwamba kuna ya pili? Alikuwa na wanafunzi wengine wa kupigia.

"Mpigie tena," rafiki yangu akasema. "Sema vile iko."

Nilipanda kumwomba mama mdogo ruhusa, kwa kuwa shida ilikuwa ya nyumba yake. Nilisema nje ya mlango wa chumba. Kwanza akakohoa, akakohoa sana, nikadhani hatajibu.

"Ukamwambie Mzungu kwamba kwangu hakuna chakula?"

"Mama, ni msaada wa serikali, wanafunzi wote wanapewa."

"Mimi nimekuja nchi hii miaka yote hiyo, hakuna aliyesikia kwangu kumelala njaa. Usinivue nguo, mwanangu. Nikipona nitafanya kazi mbili."

Mtu anapumua kwa kuhesabu, utambishia nini?

Jumapili ikafika, siku ya kumpigia bibi. Bibi ni mama yake mama mdogo, yuko kule kwetu, na jirani yake ana simu yenye picha. Jumapili zote mama mdogo alikuwa na utaratibu wake: lazima nguo safi, lazima kona ile ya kochi ambako ukuta hauna madoa. Nilidhani wiki ile tutaacha. Nikasikia kabati linafunguliwa. Akatoka kajifunga kilemba cha kitenge na kupaka mafuta usoni, mdomo umekauka kama karatasi, anatembea kwa kushika ukuta. Mimi akaniambia nikae mbali, upande wa mlango, nionekane kwa nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Tunasikia habari mbaya."

"Hatujambo kabisa, mama. Habari za huko?"

"Huku kwema. Hatuna neno."

Alikuwa ameketi wima. Kikohozi kilipokuja alikimeza. Nilikiona kikipanda shingoni na kurudishwa, mshipa ukamsimama, machozi yakamlenga, na bado anatabasamu, anauliza habari za kuku. Waliongea hivyo, huyu hajambo na yule hajambo, mpaka simu ilipokatwa ndipo alipoanguka ubavu kwenye kochi na kukohoa mpaka kilemba kikafunguka.

Nilimtazama tukiwa hivyo, mimi mlangoni nimekatazwa kumsogelea. Nikawaza kitu kimoja tu: huyu atakufa akiwa hajambo.

Asubuhi yake nikapiga chuo. Muziki, muziki, kisha mashine ikaniambia niache ujumbe. Nikaacha jina. Nikashinda na simu mkononi mpaka chooni. Mchana ikaita, alikuwa yule yule mama.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nje ya mlango wetu.

"Habari yako? Unaendeleaje?"

Na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukasema, "Nzuri, asante."

Nikasikia anagusagusa karatasi. Nikajua akiuliza swali jingine nitalijibu vilevile, na la tatu vilevile, na simu itakwisha kwa baraka.

"Samahani," nikasema. "Si nzuri. Siku ile pia haikuwa nzuri."

"Unasemaje?"

Nikasema. Kiingereza changu kilivunjika katikati nikakiokota. Nilisema unga umekwisha, na ule niliomkaribisha haukuwa ugali. Nilisema kifaa changu ni simu yenye ufa, na darasa langu ni ukingo wa maegesho. Nikasema mama mdogo ni mgonjwa na hajalipwa, na hapa tunakula mara moja kwa siku, na anaweka nusu ya chake kwenye sahani yangu akidhani sioni. Nilisema kwa sauti kubwa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ningeshusha sauti ningeacha. Jirani wa mkabala akafungua mlango, akanitazama, akafunga.

Yule mama akaniuliza, "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mara moja tu."

Nikasikia anaandika. Kisha akaniambia ukweli wake, nami namshukuru kwa kutonipamba: awamu ile fedha zimeisha. Ataniweka juu katika awamu ijayo, lakini hajui ni lini. Kuhusu mtihani atamwandikia mwalimu aniahirishie. Kuhusu nafasi ya eksirei, hana mamlaka, na haahidi.

Nilibaki kwenye ngazi baada ya simu. Nilikuwa nimeivua nyumba nguo, na mkono ulikuwa bado mtupu. Niliogopa kurudi ndani kuliko nilivyoogopa korona.

Nikafungua mlango. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, mlango wa chumba uko wazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue. Alikuwa amesikia kila neno.

"Umemwambia yote?"

"Yote, mama."

"Na kwamba kodi ya nyumba hatujalipa?"

Nikafikiri. "Hilo nilisahau."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, muda mrefu.

"Mpigie tena," akasema.

Nafasi ile niliikosa. Mtihani waliniahirishia, ruzuku ikaingia awamu ya pili, nikanunua laptop iliyotumika na gunia dogo la unga, na deni la kodi tukalipunguza kidogo. Nilifaulu, lakini kiti changu kilikuwa kimeshakaliwa, nikarudi nyuma ya foleni pamoja na kijani changu cha mchicha. Kuna siku nilidhani sitaitwa tena. Niliitwa, kwa kuchelewa sana, na mpaka leo wenzangu darasani ni wadogo kwangu na wananiita anti.

Ila ninachokumbuka zaidi ni Jumapili iliyofuata baada ya ile simu ya ngazini. Mama mdogo hakwenda kabatini. Alikaa kichwa wazi, nywele hazijasukwa, kwenye upande ule wa kochi wenye ukuta mchafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo," akasema. Akasita. "Mama, mimi ni mgonjwa. Nina hiyo korona. Na mtoto huyu nafasi yake ya shule inaponyoka."

Uso wa bibi ulitulia kwenye picha. Nikadhani mtandao umekatika.

"Nilijua," akasema. "Juzi ulikaa wima mno."

Mama mdogo akacheka, akakohoa, akaacha kikohozi kitoke chote mbele ya mama yake. Bibi akasubiri kikaisha. Kisha naye akageuza simu ya jirani, polepole, tukaona kitanda, na ndoo kando yake, na fimbo mbili.

"Nilianguka tangu masika yalipoanza," akasema. "Nyonga. Sikutaka kuwasumbua, mna mambo yenu. Wameniunga hapa hapa, kwa kukisia."