Sensa Iliyougua Kila Jumamosi

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri mrefu, na hata leo hajachoka kunifundisha adabu.

Gari langu lilishikwa na ugonjwa wa ajabu. Kila Jumamosi asubuhi mshale wa kipimo cha joto ulirukia kwenye alama nyekundu, injini ikiwa bado baridi, na kufikia Jumatatu ulitulia wenyewe. Pascal, fundi wetu Mkongo wa mtaa wa Mobeni, akanibadilishia sensa ya joto, kile kifaa kinachopima joto la injini. Jumamosi mshale ukaruka tena. Nikawaambia wenzangu msikitini kwamba ameniuzia sensa kuukuu, na wawili wakaacha kumpelekea magari yao.

Jumamosi iliyopita niliwachukua hao wawili kutoka mtaa wetu wa Overport hadi gereji ya Pascal, wawe mashahidi wangu. Pascal alinisikiliza hadi mwisho.

"Papa," akaniita kwa heshima ya kwao, "sensa iko mpya. Ijumaa gari inafanya kazi gani?"

"Haifanyi kazi. Naiosha tu, niende msikitini na gari safi."

"Na injini?"

"Injini ndiyo kwanza," nikasema kwa fahari. "Kwa mpira wa maji."

Pascal akachomoa plagi ya waya kwenye sensa, akaikung'utia kiganjani mwangu. Yakadondoka matone matatu ya maji. "Maji inaingia polepole usiku, inadanganya mshale, na Jumatatu imekauka," akasema.

Mashahidi wakayatazama, kisha wakanitazama mimi.

"Eish, Haji," mmoja akasema, "umeitawadhisha gari mpaka kwenye nyaya."

Nikamwomba Pascal radhi mbele yao, kiganja kikiwa bado kimelowa. Nawe unayesoma, Mungu akuepushe na dhana mbaya, na akikufedhehesha, iwe kwa upole kama huu.