Mama Hakuwa Akicheza Karata

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoamka nikijiona ndiye fundi pekee kati ya hapa na Lubumbashi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi nyumbani Kalemie wiki mbili tu kabla, na mkobani nilikuwa na diploma ya kompyuta pamoja na CD kumi na moja. Leo ukiniona na mvi zangu na miwani ya aina mbili, usidhani nilizaliwa na adabu. Adabu nilifundishwa, tena na mama yangu mzazi, muuza ndagala, hao dagaa wa ziwani, ambaye utotoni hakumaliza hata mwaka mmoja wa shule.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Kataki, kulikuwa na kompyuta moja kubwa ya mezani. Papa, baba yangu, aliinunua kwa mtu aliyeivusha ziwa kutoka Kigoma. Papa alikuwa amestaafu kazi ya reli, na desturi yake ilikuwa kuiwasha, kwenda kuoga, kunyoa ndevu na kunywa chai, ndipo arudi kutazama kama imefunguka. Mara nyingine ilikuwa bado. Ilibeba virusi vya kila flash iliyowahi kupita mtaani. Nikamwambia Papa dawa ni moja tu: kufuta kila kitu kilichomo na kuiwekea sistemu mpya, ianze upya kama siku ya kwanza.

Papa akauliza kama vitu vyake vitapona. Nikamwambia anionyeshe vilivyo vyake, nivihamishe kwanza. Akanionyesha barua zake za pensheni na picha za harusi ya dada yangu Feza, aliyeolewa Nyunzu. Nikavihifadhi kwenye flash, nikavihakikisha kimoja kimoja, maana hapo sikuwa mzembe. Kisha nikauliza kama kuna kingine.

"Hakuna," akasema Papa. "Mama yako naye anakaaka pale, lakini anacheza tu karata."

Tukacheka wote wawili. Mwanangu, kicheko kile ninakijutia mpaka leo kuliko ninavyojutia kubonyeza kile kitufe. Mama alikuwa sokoni, hata mwendo wa dakika kumi haufiki, na sikuona sababu ya kumfuata. Katika nyumba yetu Papa akisema hakuna, basi hakuna. Ndivyo nilivyolelewa, na nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Nikafuta. Kazi yenyewe, nisijinyime sifa, niliifanya safi. Umeme haukukatika, CD haikukwama, na kufika saa nane mchana kompyuta ilikuwa inafunguka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Papa aliiwasha na kuizima mara nne mfululizo, kwa furaha tu, kisha akaenda kumwita jirani aje aone.

Mama aliporudi na beseni lake nilimvuta mkono hata hajanawa. Nikamwonyesha ilivyokuwa na mbio. Nikamwambia kwamba hata karata zake nimezirudisha, hizo hapo.

Hakuzitazama. Alivaa miwani, akakaa, akashika kile kipanya kwa namna iliyonishtua, maana alijua anakokwenda. Akafungua hapa, akafungua pale. Mwishowe akageuka.

"Papa," akaniambia, kwa kuwa mama zetu wa huku hutuita hivyo sisi watoto wao wa kiume, "ile kazi yangu umeiweka wapi?"

Ndipo nilipoambiwa. Katika miaka niliyokuwa Lubumbashi, Mama alikuwa ameingia darasa la kusoma la akina mama parokiani, mtu mzima mwenye wajukuu, akajua kusoma na kuandika. Lakini maandishi ya mkono yalikuwa yanamshinda, hata ya kwake mwenyewe; alisoma vizuri herufi za chapa tu, zikiwa kubwa. Akina mama wa parokia walikuwa wamemchagua atoe neno siku ya sikukuu ya wanawake, na kwa mara ya kwanza angesimama mbele ya watu asome kitu kutoka kwenye karatasi. Feza, kabla ya kuolewa, alimfundisha kufungua kompyuta, kuandika na kuhifadhi. Miezi mitatu Mama aliandika kwa kidole kimoja, siku ambazo haendi sokoni. Kurasa nne. Papa alikuwa akipita nyuma yake, anaona kioo kinang'aa, anadhani ni karata, kwa sababu yeye mwenyewe hicho ndicho alichokuwa akifanya pale.

Sikukuu ilikuwa imebakiza siku tisa.

Nilihangaika, usione. Nilimfuata rafiki yangu mwenye programu ya kuokoa vitu vilivyofutwa, tukajaribu siku nzima, tukapata vipande vya picha na herufi zisizosomeka. Nilikuwa nimevifuta vizuri mno. Nikarudi kwa Mama nikiwa na haya ambayo sijawahi kuipata tena, nikamwambia ukweli. Papa alikuwa amekaa pale pale.

"Mbele ya kufuta, uliuliza nani?" Mama akasema.

"Nilimuuliza Papa."

"Ni Papa njo aliandika?"

Hakupandisha sauti, mwanangu. Angepiga kelele ningepata pa kujifichia. Papa akawa anatazama miguu yake.

Nikajaribu kutengeneza mambo kwa njia ya haraka, kama kawaida ya vijana wenye diploma. Nikamwomba anieleze yale maneno, mimi nichape; kwa saa moja kurasa zake nne zingekuwa mezani.

"Ukiandika weye," akasema, "siku ile nitasoma maneno yako. Miye nataka kusoma yangu."

Lakini wakati ulikuwa hautoshi. Ilikuwa giza la mwezi, majira ambayo ndagala hushushwa kwa wingi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, na muuzaji anayekosa siku zote hizo wateja wake wanahamia meza nyingine. Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa na kijana msomi wa mji huu. Nikabeba beseni la Mama kichwani, nikaenda kukaa kwenye meza yake sokoni.

Walinicheka, ukitaka kujua. Mama mmoja alishika kopo la kupimia akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mihogo kama ndagala za enjeniere nazo ziko na virusi. Mwingine alinifanya nimwongezee mara tatu, akaondoka akiniombea baraka. Siku ya tatu nilikuwa nanuka samaki mpaka kwenye kola ya shati, na siku ya nne nilijua kukataa bila kumkasirisha mteja, jambo ambalo Lubumbashi hawakunifundisha. Mchana nikirudi namkuta Mama mezani, kidole kimoja, kila akimaliza mstari anahifadhi, kila akimaliza mstari anahifadhi. Sikumsaidia hata herufi moja. Nilikaa tu mlangoni, na hapo nilianza kumtazama mama yangu kama mtu ambaye nilikuwa simjui.

Safari hii alipata ukurasa mmoja na nusu. Nilipomwuliza kwa woga kuhusu yale mengine yaliyopotea, alisema mengi yalikuwa ya kujaza karatasi. Mpaka leo sijui kama ni kweli au alikuwa ananihurumia.

Siku yenyewe ukumbi wa parokia ulijaa, akina mama wote wamevaa kikwembe, kitenge cha aina moja. Mama akasimama, karatasi mkononi, kidole chini ya neno. Alisoma polepole. Alisoma jinsi alivyokuwa bibi harusi kwenye stesheni ya Nyunzu, akiuliza watu wasiomjua ni behewa lipi, kwa kuwa maandishi ubavuni mwa treni hayakumwambia chochote. Alikwama mara mbili, akarudi nyuma, akaendelea, na hakuna aliyekohoa. Kisha akafika mwisho.

"Maneno haya nimeandika mwenyewe, kwa mukono wangu," akasoma. "Nimeyaandika mara mbili."

Vigelegele vikapanda. Katika ukumbi ule mzima ni watu watatu tu tuliojua maana ya hizo mara mbili. Mmoja alikuwa amesimama na karatasi yake. Wa pili, Papa, alikuwa ameinuka kabla ya mtu mwingine yeyote, machozi yanamshuka wala hayafuti. Wa tatu ni mimi, na sijawahi kujivunia diploma yangu kama nilivyojivunia siku ile kuwa mtoto wa yule mwanamke. Nilitamani kumshika kila mtu bega nimwambie, huyo anayesoma ni mama yangu.

Sasa nikuambie ninachotaka ubaki nacho. Ukiletewa kompyuta ya nyumbani kwa watu, usimuulize mwenye nyumba peke yake. Mrudishe akaulize nyumba nzima, na aanze na yule mnayemdhani hana kitu mle ndani. Mimi nafanya hivyo mpaka leo. Wateja wananung'unika, wanasema fundi huyu ana maswali kama polisi wa mpaka, lakini wanakwenda, na wengi wanarudi kimya na flash mkononi. Na si kompyuta tu, mwanangu. Utakapokuwa na nyumba yako, utafuta mambo mengi kwa neno la mtu mmoja, mipango, safari, hata mashamba. Kabla hujafuta, nenda sokoni ukaulize. Dakika kumi si kitu. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, usikimbilie kumfanyia mtu kazi yake ili upumzike na aibu yako; beba beseni lake, umwache aifanye mwenyewe.

Mungu akutunzie mikono yako na akili yako. Akupe nyumba ambayo kila mtu ndani yake ana kitu chake na wewe unakijua. Na mama yako aishi mpaka umsikie akisoma jina lako kwa fahari mbele za watu.