Milango Kumi na Miwili ya Mama Miguu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa buti za mpira anainama ndani ya banda refu, anamnyanyua kuku na kumgeuza miguu juu. Anaupangusa unyayo kwa kidole gumba. Katikati kuna kidonda cheusi, kipana kama kifungo cha shati.

“Huyu anakanyaga moto siku nzima,” anasema. “Maranda ya sakafuni yameloa kinyesi, yanamchoma.”

Wenzake wanamwita Mama Miguu. Kwa miaka tisa amehudumia kuku wa nyama wa kilimo hai, wale wanaokua polepole na kuchinjwa wakiwa na siku themanini na moja. Mumewe ana malalamiko yake: “Kuku anawakagua miguu kila asubuhi. Mimi nachechemea mwezi wa pili sasa, hajaniuliza.”

Siku hizi utani huo haumchekeshi. Ana hasira, na ana haki nayo.

Kuku hawa huuzwa ghali kwa sababu lebo inasema wanatembea nje, wanaparua, wanaota jua. Wakitoka, maranda ya ndani hukauka na vidonda hupungua. Lakini milango midogo ya banda, iliyo usawa wa ardhi, ilikuwa haijafunguliwa tangu vifaranga waletwe. Mwenye shamba alidai kutembea kunapunguza uzito. Yaani mnunuzi analipia jua ambalo kuku hajawahi kuliona.

“Nilimwambia, bosi, tufungue wakifika wiki ya nne, wazoee. Akanijibu, wewe lisha tu.”

Wiki iliyopita, siku ya ukaguzi, kuku wakiwa na siku hamsini, bosi mwenyewe alikuja mbio kufungua milango yote kumi na miwili. Nyasi za nje zilikuwa ndefu, hazina hata unyoya. Mama mkaguzi akasimama, akasubiri. Kuku elfu mbili na mia nne wakabaki ndani. Waliokuwa karibu na milango waliutazama mwanga, wakarudi nyuma.

Kuku asiyezoeshwa nje mapema huiogopa. Mtu anayeuza kuku wa nje hakulijua hilo. Njia ya mwongo ni fupi.

“Wameshiba tu hawa,” mwenye shamba akasema, kisha akampa Mama Miguu fomu aweke sahihi kwamba milango hufunguliwa kila siku.

Hakuweka. “Nilimwambia mkaguzi, mama, imefunguliwa leo, nusu saa iliyopita. Nikashika kuku, nikamwonyesha miguu.”

Lebo ikasimamishwa kwa miezi mitatu. Naye akapewa barua ya kuachishwa kazi ifikapo mwisho wa mwezi. Aliyedanganya yupo kwake ametulia, aliyesema kweli ndiye anayefungasha.

Amebakiza siku tisa, na hana mpango wa kuomba radhi. Kila asubuhi anafungua milango, anamwaga nafaka kidogo kizingitini, halafu kidogo nje, mbele ya kizingiti. Siku ya kwanza walitoka wanne. Jana walikuwa zaidi ya mia tatu.

“Nitaondoka, sawa,” anasema, akimweka chini kuku wa kidonda, mbele ya mlango uliofunguliwa. “Lakini nataka niwaache wote wameijua nje. Akijaribu kuwafungia tena, watajazana hapa wapige kelele mpaka wapita njia waulize kuna nini.”